Mzigo wa Mwanafunzi Mgeni

"Shangazi ameruhusiwa kutoka hospitali."

Ujumbe ulikuwa na maneno hayo tu.

Sindano aliusoma chini ya meza, Samsung yake ikiwa imelala juu ya paja, huku mhadhiri akiandika ubaoni kwa chaki inayokwaruza masikio. Hakuinua uso. Aliandika mstari mwingine kwenye daftari kama mwanafunzi mwenye bidii, akaifunga kalamu, akajishika tumbo na kumnong'oneza jirani yake.

"Nisaidie kuandika. Nitakuja kunakili kwako."

Jirani aliitikia kwa kichwa bila hata kumtazama. Wanafunzi wageni huumwa tumbo kila mara. Maji ya mji mpya, chakula cha mji mpya. Hakuna anayeuliza maswali.

Ndiyo maana Idara ya ujasusi ya kwao ilimtuma kama mwanafunzi mgeni.

Alipotoka darasani na kufika mwisho wa ujia, pale ngazi zinapokata kona, alichomeka kifaa kidogo kama punje ya mahindi sikioni na kukifunika kwa misuko yake.

"Baba Mdogo, nipo."

"Mzigo umetoka mafichoni." Sauti ya mzee, mkuu wake wa Idara, ilikuwa kavu, ya mtu anayeongea kutoka mbali sana. "Vichupa vyote vitatu. Vimehamishwa asubuhi hii."

"Vinakwenda wapi?"

"Nyumbani kwetu. Ndege ya alasiri."

"Nani anabeba?"

"Mwanafunzi wa kwetu anayerudi likizo. Jina hatuna."

Sindano aliwapitisha kichwani wanafunzi wa kwao.

Mwanafunzi wa kwao anayesafiri alasiri ile alikuwa mmoja tu. Alilala kitanda cha pili katika chumba chake. Usiku akinyoosha mkono angeweza kumgusa.

"Niachie mimi," alisema, na kukata mawasiliano.

Alishuka ngazi bila haraka. Mtu anayekimbia chuoni hutazamwa.

Vichupa hivyo vilikuwa vimeibwa kwenye maabara ya mifugo ya chuo. Ndani yake mlikuwa na kirusi cha ng'ombe, kimekuzwa kwa utafiti, hakijawahi kuonja hewa ya nje. Walioagiza kiibwe walikuwa wafanyabiashara wa ng'ambo, watu wa suti nzuri, ambao tayari walikuwa na shehena ya chanjo ghalani. Walichokosa ni ugonjwa tu. Ng'ombe wa nchi nzima waanze kuanguka, serikali ipige magoti, na wao waje kama wakombozi.

Sindano alijua ng'ombe akianguka inakuwaje. Alikuwa mtoto wakati maafisa walipokuja na bunduki kuua kundi la baba yake kwa sababu ya ugonjwa. Baba yake hakulia. Alikaa mlangoni mwa zizi tupu akisubiri saa ya kukamua, na saa ilipofika akanyanyuka na ndoo. Tangu siku ile akili yake haikurudi sawasawa.

Idara haikujua habari hiyo. Sindano hakuona haja ya kuwaambia.

Alikuwa ameshapita umri wa chuo, lakini uso wake mdogo ulidanganya. Alivuka mpaka kwa basi mwanzoni mwa muhula, na sanduku moja, barua ya kukubaliwa chuoni, na bastola ya Walther iliyofichwa ndani ya pakiti kubwa ya pedi. Ofisa wa forodha aliishika pakiti, akaona haya, akairudisha upesi kama imemchoma.

Tangu hapo aliishi maisha ya mgeni. Alipanga foleni ya kibali cha ukaazi mpaka miguu ikafa ganzi. Alijifunza siku za maji kutoka na siku za kutotoka. Alichekwa lafudhi yake dukani, akacheka nao. Alijua ni dirisha gani la maktaba lenye mwanga mzuri na ni mpishi gani wa kantini anayempunja mgeni.

Na kila siku alimchunguza mwenzake wa chumba.

Wote walimwita Dokta, kwa kuwa alisomea udaktari wa mifugo. Msichana mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kusaidia. Maji yakitoka, alijaza ndoo yake na ya Sindano. Alimwita dada kwa kuwa wametoka nchi moja, na ugenini hilo ni undugu tosha.

Lakini Dokta alikuwa mwongo.

Alitoka alfajiri akisema anakwenda maktaba, wakati maktaba bado imefungwa. Alirudi na harufu ya kitu kilichoungua. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge, kama vya mtu anayeshika vitu vya moto. Shingoni alivaa ufunguo ambao haukufungua mlango wowote wa hosteli. Simu yake ikilia, aliigeuza kifudifudi.

Sindano alikuwa amelipekua begi lake mara nyingi. Hakuwahi kukuta kitu.

Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

* * *

Hosteli ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa kimya. Nguo zilining'inia kwenye kamba, na redio ya mtu ilikuwa ikizungumza peke yake ghorofani.

Barazani, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwa amekaa Mama Mlezi.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo, na kazi aliyopewa baada ya kustaafu ilikuwa kuwalea wanafunzi wageni. Aliwapokea stendi, aliwapangia vyumba, aliwasindikiza hospitali. Kikapu chake cha nyuzi kilikuwa miguuni, na sindano mbili ndefu za chuma zilikuwa zikifuma sweta la rangi ya maziwa. Sindano alipougua malaria katikati ya muhula, mama huyu ndiye aliyekesha pembeni ya kitanda chake, akimpangusa jasho na kumnywesha supu kwa kijiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Tumbo tena?"

"Linanisokota kidogo. Dokta yupo?"

"Ameniaga anakwenda maktaba."

"Siku ya safari?"

Sindano za kufumia zilisimama. Mama Mlezi alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Mimi sipendi kusema watoto wa watu. Lakini yule msichana siku hizi simwelewi. Juzi nimemwona na ufunguo wa maabara. Nikamuuliza, akanipiga chenga. Wewe unalala naye, hujaona kitu?"

"Mimi nikishika mto nimekufa, Mama."

"Haya. Mwenye macho haambiwi." Akarudi kwenye sweta lake. "Kapumzike."

Sindano aliingia chumbani na kufunga mlango. Sanduku la Dokta lilikuwa tayari, limefungwa kwa kamba. Alipitisha mkono chini ya godoro lake mwenyewe, akatoa pakiti ya pedi, akaichomeka Walther kiunoni na kushusha blauzi.

Kisha akawasha simu.

Wiki ya pili ya muhula alikuwa amebandika kifaa kidogo kama kifungo cha shati ndani ya soli ya kiatu cha Dokta. Kwenye kioo cha simu, nukta nyekundu ilikuwa ikipepesa. Haikuwa maktaba. Ilikuwa katikati ya mji, kwenye mtaa wa majengo ya zamani nyuma ya soko.

"Baba Mdogo, nimempata."

"Yuko peke yake?"

"Sijui bado."

"Ukimkuta na mzigo, usibishane naye. Mlaze chini."

Sindano alifunga mlango nyuma yake.

Alichukua bodaboda. Alimwambia dereva ampeleke sokoni, akashuka kabla ya kufika, akaingia duka la viatu, akatokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyemfuata. Au aliyemfuata alikuwa hodari kuliko yeye. Alivuka barabara katikati ya wachuuzi wa chaja na miwani, akaikuta ngazi nyembamba kati ya duka la dawa na ofisi ya mpiga picha.

Nukta ilikuwa juu yake kabisa.

Alipanda akikanyaga kingo za ngazi, pale ambapo mbao hazilii. Ghorofa ya kwanza, hakuna. Ghorofa ya pili, mlango mmoja wenye pazia zito.

Harufu ilimfikia kwanza. Ile ile ya kuungua.

Nyuma ya pazia, maji yalikuwa yakichemka. Sauti ya Dokta ilisikika, ya upole, ikisema, "Usitingishike. Ukitingishika nitakuunguza."

Sindano alichomoa Walther. Alivuta pumzi. Akalisukuma pazia kwa bega.

Wanawake wanne waligeuka kumtazama.

Mmoja alikuwa amekaa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ya mtu aliyetishwa. Nyuma yake Dokta alikuwa ameshika ncha za misuko, anazichovya kwenye sufuria ya maji ya moto ili zisifumuke. Pembeni kulikuwa na mshumaa wa kuchomea nywele za bandia. Ukutani, picha za mitindo zilizopauka kwa jua.

Bastola ilikuwa imesharudi chini ya blauzi. Hakuna aliyeiona.

"Dada," Dokta alisema. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Njoo nje."

"Na kichwa changu?" aliuliza mteja.

Dokta alikuwa ameshafika mlangoni.

Kwenye ngazi, Dokta alimshika mkono. "Dada, nakuomba usiseme. Kibali changu ni cha kusoma tu. Wakijua ninafanya kazi wananirudisha nyumbani na sirudi tena. Mimi ndiye ninayefungua saluni asubuhi, ndipo niwahi darasani."

"Huo ufunguo shingoni?"

"Wa hapa." Akauvua, akamwonyesha. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la kawaida, wenye kutu.

"Ufunguo wa maabara unao?"

"Wa maabara?" Dokta alimkodolea macho. "Sisi wa mwaka wa pili hata kitasa haturuhusiwi kushika. Nani kakwambia?"

Sindano aliinamisha macho. Alimtazama vidole, vile vyenye malengelenge, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze aliona vidole vya msusi.

"Leo unabeba mzigo wa mtu?"

"Ndiyo. Mama Mlezi ana mdogo wake kule kwetu, anaumwa sukari. Nitampelekea insulini kwenye themosi, isipate joto. Atanipa uwanjani."

"Lini alikuomba?"

"Zamani. Alinikatia hata tiketi niende na ndege ya leo." Dokta alifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya nywele. "Kuna ubaya gani, dada? Ni dawa tu."

"Hakuna ubaya. Nenda kamalize kichwa cha mwenyewe. Nitakusindikiza uwanjani."

Dokta alipoingia ndani, Sindano aliegemea ukuta na kugusa sikio.

"Siyo yeye."

"Una hakika?" aliuliza Baba Mdogo.

"Sina. Lakini siyo yeye. Anatumiwa. Mzigo unaletwa uwanjani na Mama Mlezi."

"Yule mama aliyekuuguza?"

"Huyo."

Baba Mdogo aliguna.

"Mwache aulete mwenyewe. Tunataka mkono unaotoa na kitu kinachotolewa, vyote pamoja. Nitaongea na wenzetu wa huko wawe tayari. Na Sindano, usimwamini hata msusi wako."

"Simwamini mtu," alisema.

Ilikuwa kweli. Na ilikuwa imeanza kumchosha.

* * *

Kwenye teksi Dokta alipata nafuu. Aliongea habari za harusi ya dada yake, nguo atakayovaa, wajomba wasiosemeshana. Sindano aliitikia huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha pembeni. Toyota nyeupe ilikuwa nyuma yao kwa muda mrefu mno. Kisha ikakata kona na kupotea.

"Hebu niambie," alisema, kama mtu anayeua muda. "Nyie wa mifugo mnasafirishaje hivyo virusi vyenu? Kwa friji?"

Dokta alicheka. "Kwa barafu kavu. Ile inayotoa moshi badala ya maji. Unaweka kwenye chombo, halafu kifuniko unakilegeza. Ukikibana, moshi unakosa pa kutokea, kinapasuka."

"Na vikipata joto?"

"Vinakufa. Virusi vinadekezwa kama watoto wa mwisho. Kwa nini?"

"Nawaza tu. Mnasoma mambo ya kutisha."

Uwanja wa ndege ulijaa watu na masanduku. Kabla ya kuingia, Sindano aliinama kando ya chungu kikubwa cha maua kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, Walther ilikuwa imelala kwenye udongo chini ya majani. Mlangoni kulikuwa na mashine ya ukaguzi, na pakiti ya pedi isingemwokoa mara mbili.

Kilichobaki mfukoni ni kalamu nene ya chuma. Iliandika vizuri. Ukibonyeza kitako chake kwa nguvu, ilitoa shoti ya kumlaza fahali.

Mama Mlezi alikuwa ameshafika. Amevaa gauni la safari, kikapu chake cha nyuzi mkononi, na pembeni yake dereva wake, jitu la mabega mapana lisilojua kutabasamu. Alimkumbatia Dokta kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nenda salama. Wasalimie wote." Akatoa themosi nyekundu na kuiweka mikononi mwa msichana. "Usiifungue njiani, ubaridi utatoka. Mdogo wangu atakusubiri nje."

"Lete nikushikie, una mizigo mingi," alisema Sindano, na kuichukua kabla hajajibiwa.

Ilikuwa nzito kiasi cha themosi. Kifuniko kilikuwa kimekazwa mpaka mwisho. Juu yake kulikuwa na utepe wa gundi, raundi kadhaa.

Kimebanwa.

Sindano aliirudisha kwa Dokta huku akitabasamu. Kama mlikuwa na barafu kavu mle, ingekuwa imeshapasuka tangu barabarani.

Basi mle mlikuwa na nini?

"Na wewe, mwanangu," Mama Mlezi alimgeukia, akimshika shavu, "umepona tumbo?"

"Nimepona, Mama."

"Vizuri. Mimi nawaacha, kichwa kinanigonga."

Dokta alivuta sanduku kuelekea ukaguzi. Alikuwa hajafika hata nusu ya foleni wakati walinzi walipotokea pande zote. Mmoja alimpokonya themosi. Mwingine alimsukuma ukutani. Sanduku lilianguka, kamba ikakatika, nguo za harusi zikamwagika sakafuni.

Watu waliacha foleni zao kuja kutazama.

"Sindano." Sauti ya Baba Mdogo ilikuwa imechangamka sikioni. "Walinzi wamempata msichana. Na themosi wanayo."

"Wamejuaje? Wewe umewaambia wamshike?"

"Siyo mimi. Wamepigiwa simu. Kuna mtu amewaambia msichana amebeba kitu cha hatari."

"Nani?"

"Hakujitaja. Sauti ya mwanamke."

Sindano alilitazama lile kundi. Dokta alikuwa akiita, "Dada, waambie! Dada!" Wasafiri, wapagazi, wafagiaji, hata dada wa kaunta, wote walikuwa wamegeuza nyuso upande wa kelele. Askari wa milango yote walikuwa wamekimbilia huko.

Ukumbi mzima, mgongo mmoja tu ndio ulikuwa unaondoka.

Gauni la safari. Kikapu cha nyuzi.

Mama anayempenda mtoto angekimbilia kule. Huyu alikuwa anatembea taratibu kuelekea mlango wa wageni mashuhuri wanaokwenda ndegeni, mlango ambao sasa haukuwa na mlinzi.

"Baba Mdogo, msichana ni chambo. Themosi yake ni dawa kweli. Mzigo uko kwenye kikapu."

"Kikapu gani?"

Alikuwa ameshakimbia.

Ujia wa ndani ulikuwa mwembamba, zulia jekundu, vyumba vya kupumzikia pande mbili. Mama Mlezi alikuwa mbele. Dereva alisikia hatua, akageuka, akaujaza upana wa njia.

Alirusha ngumi.

Sindano aliinama, upepo wake ukampitia masikioni. Mkono wa pili ulimnasa shingoni na kumwinua mpaka vidole vya miguu vikaacha zulia. Macho yakaanza kuona giza. Aliichomoa kalamu, akaibandika chini ya kwapa la jitu lile, akabonyeza.

Dereva alitetemeka kama bati kwenye upepo. Akaanguka kwa magoti, kisha kifudifudi.

Sindano alimruka.

Mama Mlezi alikuwa amesimama mwisho wa njia, mbele ya mlango wa vioo uliofungwa. Sweta la rangi ya maziwa lilikuwa limeanguka miguuni pake. Mkono mmoja ulishika themosi ndogo ya kijivu. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea, na moshi mweupe ulikuwa ukitambaa kando yake na kuteremka vidoleni mwake. Mkono wa pili ulishika sindano ya kufumia, ncha mbele.

"Simama hapo, mwanangu."

Sindano alisimama.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Ulipokuwa na homa uliongea sana." Sauti ya mama ilikuwa ile ile ya kando ya kitanda. "Ulimwita mtu Baba Mdogo, ukampa taarifa. Mtu mwenye homa humwita mama yake, hatoi taarifa. Basi nikajua una jicho, nikakutafutia cha kutazama."

"Dokta."

"Msichana mwenye siri ndogo. Nilijua habari za saluni toka zamani. Nikakuacha umchunguze."

"Wangemfunga miaka."

"Wangeikuta insulini, wangemwachia kesho. Mimi si mnyama."

"Na ng'ombe wa watu?"

Mama Mlezi aliitazama themosi. Uso wake ulikunjamana kidogo, kama mtu aliyeonja kitu kichungu.

"Unajua nimelea wangapi?" alisema. "Nimewapokea wakiwa hawajui hata njia ya chooni. Nimewauguza. Wamekwenda kwao wakawa mawaziri, wakawa wakuu wa mabenki. Hakuna aliyerudi kunijulia hali. Hao wa ng'ambo walikuja, wakakaa barazani kwangu, wakaniita Mama, wakaniahidi makazi kwao. Nikasema, na mimi nitoke nikawe mgeni wa watu, nipokewe." Aliinyanyua themosi juu ya kichwa. "Nipishe nipite. La sivyo naivunja hapa."

Sindano aliutazama ule moshi mweupe.

"Ivunje," alisema Sindano.

"Nini?"

"Ivunje. Hapa hakuna ng'ombe, Mama, kuna zulia. Vikipata joto vinakufa. Utabaki na vioo vilivyovunjika, na wale wa suti hawana kazi na mtu wa vioo."

Mkono wa mama ulibaki juu. Moshi ulimshukia kwenye mkono wa gauni.

Kisha akaurusha mkono wa pili.

Sindano ya chuma ilimpata Sindano begani na kuchana nyama. Hakurudi nyuma. Alipiga hatua mbili, akaushika mkono ulioinuliwa kwenye kifundo, akaupokea mzigo kwa mkono wake wa kushoto kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alimkalisha mama kwenye kiti cha wageni mashuhuri.

Hakumpiga. Hakuwa na haja.

"Ile supu," alisema, akihema. "Uliniwekea kitu cha kuniongeza homa?"

Mama Mlezi alimtazama. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Hapana. Siku hizo nilikuwa nakuuguza tu."

Sindano alitamani awe amedanganywa. Ingekuwa rahisi zaidi.

Milango ilifunguka nyuma. Aliingia mwanamume wa suti ya kijivu na askari wanne. Mtu wa idara ya nchi ile, mwenzake Baba Mdogo. Aliitazama themosi, akamtazama dereva aliyelala, akatazama damu kwenye blauzi.

"Hiyo ndiyo?"

"Ndiyo. Usikaze kifuniko."

Aliipokea kwa mikono miwili.

"Na aliyekuwa anaisubiri kule kwenu?"

"Yupo mikononi," Baba Mdogo alisema sikioni, na Sindano akarudia neno kwa neno. "Alikuwa amesimama uwanjani na bango lenye jina la Mama. Amekamatwa na wenzake watatu."

Mama Mlezi alisikia. Alifumba macho. Askari walipomnyanyua, alinyoosha gauni lake kwanza, kama mtu anayeitwa kwenye mkutano.

* * *

Dokta walimkalisha kwenye chumba kidogo chenye meza ya bati. Nguo zake za harusi zilikuwa zimerushwa juu ya sanduku bila kukunjwa. Themosi nyekundu ilikuwa mezani, wazi, na vichupa vya insulini vimepangwa pembeni yake.

Sindano aliingia na bega limefungwa kitambaa.

"Uko huru. Ndege yako wameizuia. Wanakusubiri wewe tu."

Dokta hakuinuka. Alikuwa ameshafikiria, na sura yake ilionyesha kwamba amefika mwisho wa mawazo.

"Wewe si mwanafunzi."

"Hapana."

"Jina ulilotuambia?"

"Si langu."

"Begi langu ulilipekua?"

"Ndiyo."

"Mara moja?"

"Mara nyingi."

Dokta aliitikia kwa kichwa polepole. Alizikunja nguo zake moja moja, akazirudisha sandukuni. Sindano alisogea kumsaidia na kamba iliyokatika, lakini msichana aliivuta upande wake.

"Mimi nilikuwa nakuchotea maji," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa naamka kabla yako ili uyakute."

Sindano alitafuta neno. Katika mafunzo yote ya Idara, hakuna aliyemfundisha neno la hapo.

"Ng'ombe wa nchi yetu watakunywa maji kesho kwa sababu themosi haikuondoka," alisema mwishowe. "Na wewe utaumaliza mwaka wako. Habari ya saluni haimo kwenye taarifa yangu. Haitakuwemo."

Dokta alilibeba sanduku kifuani, kama linavyobebwa sanduku lisilo na kamba. Mlangoni alisimama.

"Asante," alisema. "Lakini ukinikuta barabarani, usinisalimie."

Akaenda.

Sindano alisikiliza hatua zake mpaka zikapotea kwenye kelele za ukumbi. Kisha akatoka kwa mlango mwingine. Nje jua lilikuwa kali na teksi zilikuwa zikigombania abiria. Alipita kwenye chungu cha maua, akainama, akainuka.

Simu ilitetemeka.

"Kazi nzuri," alisema Baba Mdogo. "Gari litakuwa kwenye lango la mizigo. Huna haja ya kurudi hosteli, vitu vyako vitafuatwa. Una jambo lolote la kuongeza kwenye taarifa?"

Juu ya paa la uwanja, ndege ilinguruma, ikapaa, ikageuza bawa kuelekea nyumbani kwao.

"Hakuna," alisema.

Akautoa mkufu wa kitambulisho cha mwanafunzi shingoni, akautupa kwenye pipa la taka bila kupunguza mwendo, na kuvuka barabara.